Zamu ya Kuezeka Paa la Bi Ndezi

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo nayo ni pakawa? Mmeshinda njaa leo? Itikieni kama watu wenye paa juu ya vichwa vyenu. Paukwa!

— Pakawa!

Haya, sasa kama nilivyowafundisha. Palikuwa na nini?

— Palikuwa na paa!

Paa la nani?

— La jirani!

Basi sikilizeni, na niwaambie mapema: hadithi hii hunitia hasira. Nimeisimulia mara nyingi, na kila nikifika katikati damu inanichemka. Nikipandisha sauti msidhani nagombana na nyinyi. Au dhanini hivyo, shauri yenu. Kila mtu anajijua.

Hapo zamani za kale, zamani sana, wanyama waliishi kila mmoja kivyake. Nyumba yako huku, ya mwenzako kule, katikati pori. Kila mmoja alikata mti alipotaka na kumwaga taka alipotaka. Mto ukichafuka, kila mmoja alisema ni yule wa juu.

Mwaka mmoja ukaja moto wa nyika. Ukaiunguza nyumba ya Nungunungu, akapiga mayowe peke yake. Ukaiunguza nyumba ya Komba, akapiga mayowe peke yake. Ukaiunguza nyumba ya Kobe, naye akapiga mayowe, lakini mayowe ya kobe nani atayasikia? Kila mmoja alikuwa na kibuyu kimoja cha maji mbele ya moto mkubwa. Hakuna aliyeokoa hata kigoda.

Moto ulipozimika, wakakutana juu ya majivu. Walikuwa sita. Kobe. Nungunungu. Komba, yule wa macho makubwa. Mnana, ndege fundi wa kusuka. Nyani. Na Bi Ndezi.

Kama hujamwona ndezi, ni mnyama wa kwenye matete, mnono, mwenye manyoya magumu, na meno yake ya mbele hukata nyasi vizuri kuliko mundu. Bi Ndezi alikuwa mjane. Mumewe alikufa katika moto ule ule, naye alikuwa na mimba.

Kobe akasema, "Jamani, tumeungua kwa sababu kila mtu alikuwa peke yake. Tujenge pamoja, mahali pamoja."

Wakasema, "Umenena kweli."

Wakatafuta, wakatafuta, wakapata mteremko mzuri wenye chemchemi. Juu ya chemchemi ilisimama mikuyu minane, minene, mizee, imeshikana mizizi. Upepo wa mlimani ulipofika kwenye mikuyu ile ulitulia, ukapita chini taratibu kama mgeni mwenye adabu. Wakapaita mahali pale Tushikane.

Kabla ya kuchimba hata shimo moja wakaweka sheria tatu. Nungunungu akang'oa mwiba wake mmoja, akazichora juu ya gamba la Kobe zisije zikapotea.

Sheria ya kwanza: mikuyu ya juu ya chemchemi haiguswi. Anayetaka mti aukate ng'ambo ya bonde, na pale alipokata mmoja apande mitatu.

Sheria ya pili: maji machafu hayarudi kwenye kijito cha chemchemi. Yaelekezwe chini kwenye migomba, migomba iyanywe.

Sheria ya tatu, na hii ndiyo yenye kisa: hakuna mtu kuezeka paa lake mwenyewe. Kila mmoja awe na mwenzake wa zamu. Wewe utaniezekea mimi, mimi nitakuezekea wewe. Kwa nini? Kwa sababu ukilala chali na kutazama juu, unaona kazi ya mkono wa jirani yako. Huwezi kumsahau.

Nzuri, si nzuri?

— Nzuri!

Hata mimi naipenda. Hiyo ndiyo inayoniuma.

Wote sita wakanywa funda moja la maji ya chemchemi, hicho kikawa ndicho kiapo. Wakapangana zamu: Kobe na Mnana, Nungunungu na Komba, Nyani na Bi Ndezi.

Kazi ikaanza. Nungunungu akachimba mashimo. Nyani akasimika nguzo. Komba akaleta fito, Mnana akazifunga kwa kamba, Kobe akakanyaga udongo na wote wakakandika. Na nyasi? Nyasi za nyumba zote sita alikata nani?

— Bi Ndezi!

Bi Ndezi, na tumbo lake. Sita! Akazikata, akazianika, akazifunga matita, akayapanga. Hakuna aliyekata hata jani moja isipokuwa yeye. Shikeni neno hilo.

Ikafika siku ya kuezeka. Kobe alimwezekea Mnana. Msicheke! Alipanda ngazi siku tatu, akashuka mara moja, kwa sababu alianguka. Akapanda tena siku tatu, akaanguka tena. Mara ya tatu akafika, akaezeka, akamaliza. Kobe alikuwa mtu wa sheria, na sheria aliilipia kwa mgongo wake. Nungunungu na Komba nao wakaezekeana bila maneno.

Wakabaki Nyani na Bi Ndezi.

Nyani akaja amejishika kiuno, anakunja uso. "Dada yangu Ndezi," akasema, "najua wewe ni mjane na una mimba, na kwa haki paa lako ndilo litangulie. Lakini mgongo, dada! Umande unaniua. Niezekee mimi kwanza, nipate joto siku mbili tatu, halafu utaniona juu ya paa lako. Nitaliezeka mpaka utasema basi."

Bi Ndezi akamtazama. Akasema, "Sawa, kaka. Mgonjwa hutangulia."

Akapanda ngazi na tumbo lake. Siku saba aliezeka paa la Nyani, tita juu ya tita, akakaza na kubana. Na alipokuwa akifanya kazi aliimba:

Nakata nyasi, si zangu,
Naezeka paa, si langu,
Kesho jirani yangu
Atakuja kwangu.

Atakuja?

— Atakuja!

Mna imani nyinyi. Haya.

Siku ya nane paa la Nyani likawa tayari, halipitishi hata tone. Bi Ndezi akashuka, akaenda kwake chini kabisa ya mteremko, karibu na migomba. Kuta nne, juu mbingu. Matita yake ya nyasi yamesimama mlangoni yakisubiri.

Akangoja siku moja, mbili, tatu. Akapanda kwa Nyani. "Kaka, hodi. Zamu yako imefika."

Nyani akatoa mkono mmoja dirishani, umefungwa jani la mgomba. "Dada yangu, tazama! Mkono umeteguka. Nitapandaje ngazi? Nipe siku kumi."

"Pole, kaka," akasema Bi Ndezi. Akarudi.

Alipofika nusu ya njia akasikia juu ya chemchemi: kwa! kwa! kwa! Kisha kishindo. Mkuyu mmoja umelala chini. Na aliyeukata ni nani? Yule wa mkono ulioteguka! Alitaka boriti za baraza. Nyumba ilikuwa haimtoshi, alitaka na mahali pa kukaa apigwe na upepo.

Bi Ndezi akawaendea wenzake. "Jamani, mkuyu umeanguka."

Nungunungu akasema, "Tumesikia. Lakini ni mmoja tu, imebaki saba."

"Na paa langu?"

Kobe akageuza shingo akajisoma gamba. "Zamu ni ya Nyani, Bi Ndezi. Sheria inasema mwenzako wa zamu. Sisi si wenzako wa zamu."

Bi Ndezi akarudi. Akaimba wimbo wake, akiyageuzageuza matita yasioze. Kesho jirani yangu atakuja kwangu. Alikuja?

— Hakuja!

Siku kumi zikapita. Akapanda tena, na sasa tumbo limekuwa zito. "Kaka, hodi. Zamu yako."

Nyani akatoka na majivu kichwani. "Ah, dada yangu! Nimefiwa. Mjomba wangu, yule wa ng'ambo, hatunaye. Mfiwa hapandi juu ya paa mpaka matanga yaanuliwe."

Bi Ndezi akampa pole. Akakaa naye kidogo kwenye msiba, kama inavyotakiwa. Mwenye moyo safi hujulikana hata akidanganywa.

Alipofika nusu ya njia: kwa! kwa! kwa! Kishindo. Kwa! kwa! kwa! Kishindo. Mikuyu miwili.

Safari hii baraza likakamilika. Baraza! Lenye nguzo za mkuyu, lenye kivuli, linatazama bonde lote. Nyani akawaita majirani. "Karibuni, karibuni jamani, kijiji ni chetu sote." Akawapangia mapera mabivu kwenye jani la mgomba. Wakaja. Kobe akaja polepole lakini alifika. Nungunungu akaja, Komba akaja. Mnana akaja, na kiota chake cha kwanza pale Tushikane kilikuwa juu ya mkuyu mmoja uliokatwa, akakaa juu ya nguzo yake hiyo hiyo na kula.

Bi Ndezi akapanda kuwashitakia. Akawakuta wote barazani, mashavu yamevimba. Na katikati yao amekaa nyani mzee, mnene, mwenye mvi kidevuni, anatafuna pera.

"Huyu ni nani?" akauliza Bi Ndezi.

Mzee akajibu mwenyewe, "Mimi? Mimi ni mjomba wake Nyani. Nimekuja kutembea. Karibu pera, mwanangu."

Marehemu huyo! Anakula!

Cheka, cheka tu wewe wa pale nyuma. Bi Ndezi hakucheka. Alisema, "Jamani, mmeona? Mmeona uwongo huu kwa macho yenu?"

Wakatazamana. Wakalitazama jani la mapera. Komba akasema, "Tusivunjiane heshima kwenye nyumba ya mtu." Nungunungu akasema, "Mambo ya zamu ni ya wawili, wayamalize wawili." Mnana akadonoa pera jingine. Mdomo uliojaa mapera hausemi haki.

Kobe akasema, "Sheria ni sheria, Bi Ndezi. Tukikuezekea sisi, tutakuwa tumeivunja ya tatu."

"Na ile ya kwanza?" akasema Bi Ndezi. "Ya mikuyu? Hiyo imevunjwa mara tatu, na mmekaa juu yake!"

Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba.

Mnaona? Sheria ile iliwekwa ili asiwepo mtu wa kuachwa peke yake. Sasa kwa sheria hiyo hiyo wanamwacha peke yake! Na ile ya mikuyu, ambayo ingewaondoa kwenye kivuli, hiyo hawaisomi. Mimi nikifika hapa huwa nataka kuinuka nimshike mtu. Ngojeni nimeze mate.

Haya. Wingu la masika likaanza kujikusanya mlimani. Bi Ndezi akapanda mara ya tatu, anahema. "Nyani. Zamu yako." Hakusema kaka tena.

Nyani hakutoka hata nje. Akasema kupitia ufa wa mlango, "Dada, mwezi umeandama jana. Kwetu sisi nyani, mwezi ukiwa mchanga ni mwiko kupanda mahali pa juu. Tukipanda, ukoo unapata laana. Ungoje mwezi upevuke."

Bi Ndezi akageuka, akashuka. Alipofika nusu ya njia: kwa! kwa! kwa! Akainua macho. Yule aliyekatazwa kupanda mahali pa juu alikuwa kwenye kilele cha mkuyu, anakata matawi kwanza, anaimba. Alitaka baraza la pili, upande wa machweo. Mkuyu wa kwanza, kishindo. Wa pili, kishindo. Wa tatu. Wa nne. Wa tano.

Mmoja, na miwili, na mitano. Imebaki mingapi?

— Hakuna!

Hakuna hata mmoja. Kijiji kizima kilisikia vile vishindo vitano. Kila mmoja akafunga dirisha lake.

Siku ile Bi Ndezi akasema, "Basi." Akaegemeza ngazi kwenye ukuta wake. Akabeba tita la kwanza mgongoni, nyasi alizokata mwenyewe kwa meno yake mwenyewe, akapanda. Kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu. Tumbo linagonga ngazi. Akafika juu. Akalaza tita la kwanza juu ya fito.

"Shuka!"

Nani huyo? Ni Kobe. Na nyuma yake Nungunungu, na Komba, na Mnana. Kwa mara ya kwanza tangu kijiji kijengwe, wote wamefika kwa Bi Ndezi! Kuja kusaidia hawakuja. Kuja kukataza wakaja, tena mbio, hata Kobe mbio!

"Shuka, Bi Ndezi! Hakuna mtu kuezeka paa lake mwenyewe! Mimi nilianguka mara mbili kwa ajili ya sheria hii. Ukiivunja wewe leo, kesho kila mtu atajifanyia yake na Tushikane itakufa."

Bi Ndezi akawatazama kutoka juu. Machozi yalimtoka, na hayakuwa machozi ya huzuni. "Mzee Kobe," akasema, "ningekuwa na mapera, mngenishusha?"

Wakaishika ngazi. Akashuka. Na Kobe, kwa kufuata sheria kikamilifu, akaomba lile tita moja alilolaza nalo lishushwe. Likashushwa.

Siku ya pili yake Bi Ndezi akajifungua watoto wanne, kuta nne, juu mbingu. Akawafunika kwa nyasi. Mdogo wao, wa nne, alikuwa wa kike, hazidi ukubwa wa kidole gumba cha mtu mzima.

Asubuhi ya siku ya tatu masika ikashuka.

Upepo ukatoka mlimani kama ulivyotoka miaka yote. Ukafika mahali pa mikuyu, ukitafuta mahali pa kutulia. Haukupata. Ukashuka mzima mzima. Ukaanza na baraza, maana ndilo lilikuwa mbele, ukaling'oa na nguzo zake. Ukachukua paa la Nyani lote, lile la siku saba. Ukachukua la Komba, la Nungunungu, la Mnana, la Kobe. Mapaa matano yakapita juu ya bonde. La Bi Ndezi halikuchukuliwa, kwa sababu gani?

— Hana paa!

Hana. Kisha mvua. Pale mizizi ya mikuyu ilipokuwa imeshika udongo, udongo ukaachia. Tope likaporomoka juu ya chemchemi, likaifunika, likashuka na mteremko, likabomoa kuta, likaingia kwa Bi Ndezi kupitia mlangoni.

Bi Ndezi akamshika mtoto mmoja kwa meno, akampeleka kichuguuni. Akarudi, akamshika wa pili. Akarudi, akamshika wa tatu. Akarudi. Wa nne hayupo. Matita hayapo. Ni tope tu.

Akapiga mayowe. "Mwanangu! Jamani, mwanangu!"

Na safari hii, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na dirisha la kufunga, wote wakasikia. Wakatoka kwenye mvua. Komba akapanda juu atazame kwa macho yake makubwa. Mnana akaruka akianguka na upepo. Wakatafuta, wakatafuta, mpaka Mnana akaita kutoka migombani.

Tita moja la nyasi lilikuwa limeelea juu ya tope, likaenda, likanasa kwenye migomba, ile migomba iliyopandwa kunywa maji machafu. Na juu ya tita, katikati ya nyasi kavu, kalala mtoto. Lilikuwa tita lile lile walilomshushia.

Mtoto alikuwa hai. Lakini alikohoa, akakohoa, na kifua kile hakikupona sawasawa mpaka uzee wake. Kila akivuta pumzi ilitoa mluzi mwembamba. Kijiji kizima kilikaa na mluzi ule, na kila uliposikika mtu aliangalia chini.

Mvua ilipokatika wakakutana juu ya tope, kama walivyokutana juu ya majivu. Wote wameloa. Nyani kajikunyata, amekumbatia kipande cha boriti. Mjomba wake alikwisha kwenda kwao.

Kobe akakohoa. "Jamani, tujenge upya. Bi Ndezi, utatukatia nyasi..."

Wakamgeukia Bi Ndezi, wote kwa pamoja, maana walikumbuka. Nyasi zote za kijiji zilikuwa ndani ya kinywa kile kimoja.

Bi Ndezi akawauliza, "Nani aliyesikia mikuyu ikianguka?"

Kimya.

"Nani aliyekula mapera?"

Kimya.

"Nani aliyeishika ngazi yangu ili nishuke?"

Kimya, na katika kimya kile mtoto akavuta pumzi, ikalia mluzi.

"Nyani ni mwongo," akasema Bi Ndezi. "Huyo nilimjua toka siku ya mjomba. Hasira yangu kwake ni ndogo. Hasira yangu ni kwenu nyinyi wema! Kobe, wewe ulianguka ngazi mara mbili, ukapanda ya tatu, kwa kuwa ni zamu yako. Ungeshindwaje kupanda ngazi yangu mara moja, kwa kuwa nina mimba na mvua inakuja? Mliniona. Kila siku mliniona, mko juu, mimi niko chini. Sheria mmeichora kwenye gamba, moyoni hamkuweka hata moja."

Kobe akalia. Ni mara chache kobe hulia, lakini alilia.

"Ninaweza kuvuka bonde na wanangu," akasema Bi Ndezi. "Matete yapo mengi, nami ninayo meno yangu. Lakini maji haya nilikunywa kiapo chake kama nyinyi. Sitakimbia nyumba yangu kwa ajili ya aibu yenu. Nitakata nyasi. Ila tutaanza kuezeka chini, tupande juu. Nyani atapanda mikuyu: mitatu kwa kila mmoja alioukata. Minane mara tatu?"

— Ishirini na minne!

"Ishirini na minne, na atainywesha kwa kibuyu mpaka imfike kiunoni. Na wewe Kobe, njoo hapa."

Kobe akaja. Bi Ndezi akainama, akachora gambani mwake sheria ya nne, kwa meno yale yale: Zamu ya asiyefika ni ya wote.

Wakaanza kazi. Wakazoa tope mpaka chemchemi ikaonekana tena, wakakandika kuta upya. Nyumba ya kwanza kuezekwa ilikuwa ya Bi Ndezi. Nyani alipanda ngazi, hakutaja mgongo, mkono, mjomba wala mwezi. Wote walisimama chini wakimpa matita. Kisha ya Kobe, kisha ya Mnana, ya Nungunungu, ya Komba.

Ikabaki ya Nyani, juu kabisa.

Siku hiyo Nyani alikaa ndani ya kuta zake nne, juu mbingu, mikononi ana malengelenge ya kupanda miti. Alijua ni zamu ya nani. Hakwenda kubisha hodi. Angekwenda na uso gani? Wingu lilikuwa linarudi mlimani. Akajifunika mikono kichwani, akangoja kuloa.

Akasikia kwa mbali:

Nakata nyasi, si zangu,
Naezeka paa, si langu...

Akainuka akachungulia. Bi Ndezi alikuwa anapanda mteremko, tita mgongoni, na nyuma yake watoto wanne, wa mwisho anapiga mluzi kila hatua.

Nyani akaanguka magotini. "Dada yangu! Umenisamehe!"

"Sijakusamehe," akasema Bi Ndezi. "Nishikie ngazi. Nimekuja kwa sababu ni zamu yangu. Hivi ndivyo mtu anavyokuja."

Akapanda.

Hapo ndipo hasira yangu inapotulia, kidogo. Mpaka leo ukimwona kobe, mtazame mgongo utaona michoro. Watu husema ni pambo. Pambo! Ni sheria zile, na iliyochorwa mwisho ndiyo ya kwanza.

Mnataka funzo? Ninalo, chukueni. Mwongo mmoja hawezi kuvunja kijiji, ila akipata majirani wanne wanaokaa kimya, kazi yake imekuwa rahisi. Mti wa juu ukikatwa, wa chini ndiye anayeloa kwanza, lakini hataloa peke yake. Na sheria ya ujirani isiyomwona jirani haina faida zaidi ya mkwaruzo kwenye gamba.

Na wewe uliyecheka pale kwa mjomba: kesho pita kwa jirani yako, uinue macho, utazame juu ya kichwa chake.

Basi, paa nimeezeka, ngazi naishusha. Likivuja, mwiteni mwenye zamu. Asipofika?

— Ni zamu yetu!

Paa la nani?

— La jirani!

Haya, kalaleni pakavu.